Nguzo ya Nne

Waombolezaji wenzetu, kabla karatasi hii haijaanza kusomwa, asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi, asingoje kwenda kunong'ona kwenye viti vya nyuma, maana yaliyomo humu yanafanana na porojo lakini ni kweli tupu: marehemu huyu aliyelala mbele yenu alikuwa na nguzo sita za zege ambazo kwa karibu miaka kumi na tano zimekuwa zikifupika, kila mwezi kwa kiasi kidogo kuliko unene wa karatasi hii, na kila Jumamosi saa moja asubuhi mtu aliingia stoo, akainama, akaandika zimefupika kiasi gani, na namba hizo zikavuka bahari zikasomwa na maprofesa, na mmoja wa waliokuwa wakiinama humo, kwa miezi kumi na moja, ni mdogo wake wa mwisho, huyuhuyu anayewasomea, ambaye shule aliiacha kidato cha pili na leo anachomelea mageti. Mnacheka, chekeni tu, marehemu mwenyewe alikuwa akicheka kuliko nyinyi, akimwita "Injinia wa Mageti" mbele za wateja wake, lakini daftari lipo, mwandiko upo, na maprofesa wameusoma.

Tarehe zote zimepitiwa jana na Baba, aliyekaa safu ya kwanza na miwani yake, akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila mstari, kwa hiyo mwenye wasiwasi na tarehe akabishane naye, na wanaomjua Baba wanajua mabishano hayo huishaje.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1985, saa tisa alasiri, katika hospitali ya wilaya, wodi namba mbili, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mkaguzi wa mizani na mshonaji wa sare za shule, na uzito wake uliandikwa kilo tatu na gramu mia moja, ila Baba, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kuamini mizani ya mtu mwingine, alirudi kesho yake na mkoba wake wa ngozi wenye mawe ya kupimia, akaikagua ile mizani ya wodi mbele ya muuguzi aliyeduwaa, akakuta inazidisha gramu arobaini, akaifungia hapohapo kwa kibandiko cha serikali, na Mama akiwa bado kitandani akasema, "Wewe mwanaume, mtoto ana siku moja, tayari umeshampunguza." Uzito halali wa marehemu basi ni kilo tatu na gramu sitini, na nyumba aliyokulia ndiyo hiyo, nyumba ambayo sukari ya dukani ilipimwa upya ndipo ikamiminwa koponi, saa ya ukutani ililinganishwa na ya redio kila habari zilipoanza, na mtoto akisema ameshanawa mikono, mikono ilinuswa.

Alianza shule ya msingi Januari 1992 na kumaliza 1998, na walimu wake, ambao wawili tunawaona hapa, watakumbuka kwamba akiwa darasa la tano aliweka rula yake juu ya rula ya mwalimu wa hesabu, akaona zimepishana kwa milimita mbili, akasimama, akasema, "Mwalimu, moja kati ya hizi inadanganya," akapigishwa magoti, na kesho yake Baba akafika na rula ya chuma ya ofisini, ikagundulika iliyokuwa ikidanganya ni ya mwalimu. Aliendelea na sekondari kuanzia 1999, akafaulu ngazi zote, na Septemba 2005 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, akiwa mwanamke pekee katika kundi la watu thelathini na wanane, jambo ambalo hakulisema sana, kwa sababu alisema namba hiyo ni aibu yao, si sifa yake.

Mwaka wa tatu ulipoisha ilikuja barua, kwamba amechaguliwa kwenda ng'ambo kwa mwaka mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana, asome na afanye utafiti katika maabara ya zege, na barua hiyo haikupokelewa kwa vigelegele, ilipokelewa kama noti iliyookotwa njiani, Baba akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kutazama muhuri, Mama akauliza watu hao wamempata wapi, na Shangazi, Mungu ampe subira, yuko pale ananitazama kwa jicho kali, akakata shauri, "Hawana watoto wao huko? Mpaka waje wachukue wa kwetu? Kuna kitu wanakitaka, mtakuja kuniambia." Marehemu akajibu, "Shangazi, wanachotaka ni mtu wa kuamka asubuhi kupima zege." Shangazi akasema, "Basi wamekosea nyumba, wewe kuamka mpaka ugongewe sufuria." Aliondoka tarehe 25 Agosti 2008.

Alipangiwa chumba namba tisa, ghorofa ya tatu, dirisha lake likitazama ukuta, na maabara ilikuwa chini ya ardhi nyuma ya mlango wa chuma, chumba cheupe ambacho joto lake halikuruhusiwa kupanda wala kushuka, na humo alikabidhiwa mwenzake wa utafiti, mwanafunzi mwenyeji, kijana mrefu asiyecheka, ambaye swali lake kwa kila namba lilikuwa moja tu, una uhakika? Wiki ya pili marehemu akaona vinukta vidogo vya penseli pembeni mwa namba zake daftarini, akaelewa kwamba akishaondoka yule kijana anarudi kupima upya alichopima yeye, na mtoto wa mtu mwingine angelia, angeandika barua nyumbani kwamba anadharauliwa, lakini huyu wa kwetu alichukua penseli yake, akaanza naye kurudi kwa siri kupima upya vya mwenzake na kuweka vinukta vyake, wakaendelea hivyo wiki tatu, kila mmoja akimvizia mwingine kwa adabu kubwa, hadi asubuhi moja walipokutana uso kwa uso kwenye kipimo kilekile. "Unanikagua," akasema kijana. "Nakukagua." "Tangu lini?" "Tangu uanze wewe." Kijana akafikiri, akasema, "Vizuri, basi namba zetu ni nzuri," na marehemu aliandika katika barua yake ya Novemba kwamba siku hiyo ndipo aliposahau kwamba yuko ugenini, kwa sababu alijiona kama yuko mezani na Baba.

Nyumbani barua hiyo ilisomwa vingine kabisa, Shangazi akasema huyo ni mchumba na vinukta ni mambo yao, na mdogo wake wa mwisho, tangu hapo hadi jana, hakuwahi kumwamini yule mtu, akampa jina la Bwana Una-Uhakika, na kila bahasha ya ng'ambo ilipofika aliigeuza mara mbili kabla ya kuikabidhi, maana mtu anayeuliza sana kama una uhakika, mara nyingi kuna kitu anataka ukiachie.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi, na asiyejua zege asiogope, hata msomaji amefundishwa akaelewa. Zege likibebeshwa mzigo husinyaa polepole kwa miaka mingi, na anayejenga daraja bila kujua litasinyaa kiasi gani, daraja lake litakuja kuinama, sasa namba zilizomo vitabuni zimepimwa kwenye nchi za baridi, na marehemu akauliza swali la mtoto wa mkaguzi wa mizani, nani amepima kwetu? Wakamimina nguzo fupi kumi na mbili, urefu wa rula moja, kutoka kwenye mchanganyiko mmoja, sita zibaki kule katika chumba cheupe, sita zije huku kwenye joto letu, zibebeshwe mzigo uleule, siku ileile, zisomwe kila wiki kwa miaka kumi na tano, na matokeo yatoke katika kitabu kimoja chenye majina mawili juu, lake na la mwenzake.

Alirejea tarehe 28 Juni 2009, na masanduku sita yalimfuata kwa meli, yakafunguliwa bandarini na afisa wa forodha aliyezunguka yale masanduku kama mtu anayenusa gesi. "Hiki ni nini, dada?" "Zege." "Najua ni zege, ndani yake kuna nini?" "Zege." "Yaani umekwenda ng'ambo mwaka mzima, wenzako wanarudi na televisheni, wewe umerudi na zege? Kwetu limeisha?" Wakamzuia siku tatu, wakagonga kila nguzo kwa nyundo ya mbao kusikiliza kama ina uwazi, na marehemu akasimama pembeni akiomba kila pigo liwe la taratibu. Jumamosi tarehe 12 Septemba 2009, saa moja asubuhi, nguzo ziliwekwa stooni kwa Baba, kila moja katikati ya vibao viwili vya chuma, springi nene chini yake, boliti nne pembeni, nati zikakazwa mara moja tu, na juu ya kila nati akapaka rangi nyekundu, ili siku mtu akizigusa na spana rangi ipasuke ijulikane. Kila fremu ilikuwa na kipimo chake chenye uso kama wa saa, ambacho mshale wake husoma sehemu ya mia ya milimita. Majirani waliona chuma kinaingia, wakaona mlango unafungwa kwa kufuli mbili, wakajiuliza msichana msomi anaficha nini, na kuanzia hapo jina lake mtaani likawa Mama Nguzo, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Alihitimu shahada yake Novemba 2010 na kuajiriwa tarehe 1 Machi 2011 katika idara ya barabara na madaraja, meza yake ikiwa ile iliyobanwa kati ya kabati la ramani na mashine ya kunakili, na wenzake waliopo hapa wanajua kwamba wakandarasi walikuwa wakiulizana kwa simu leo zamu ya nani, wakiambiwa ni ya Mama Nguzo, wanarudi kurekebisha kabla hajafika. Mmoja alimwambia, "Mheshimiwa, zege hili limeshapita," naye akajibu, "Limepita kwenye karatasi, kwangu bado linagonga hodi," likapimwa upya, likavunjwa, na daraja lililojengwa baada ya hapo linapitika hadi leo.

Alifunga ndoa tarehe 16 Julai 2011 na muuguzi wa wodi ya watoto, mtu mpole ambaye naye aliipitia shule yetu ya kushukiwa, kwa kuwa Baba alimuuliza uzito wake, jibu lake akalikataa, akampandisha kwenye mizani. Wakajaliwa binti tarehe 2 Oktoba 2012 na mvulana tarehe 21 Mei 2015. Shemeji yetu hatachukia tukisema kwamba mwanzoni aliziogopa zile bahasha za kila miezi mitatu kutoka ng'ambo, karatasi nzima hakuna salamu, namba tu, sifuri nukta nne moja, sifuri nukta nne mbili, na saini chini, akamwendea mjomba wake aliyewahi kufanya kazi posta, akasema, "Mjomba, hii ni lugha ya siri, watu wanapendana kwa tarakimu." Mjomba akazigeuza, akamrudishia. "Kama ni mapenzi," akasema, "basi yanakwenda polepole mno, huna haja ya kuhangaika."

Mwaka 2017 marehemu alirudi ng'ambo kwa utafiti wa shahada ya uzamivu, kuanzia tarehe 9 Januari hadi 30 Novemba, na hapo ndipo historia hii inapomgusa anayewasomea, kwa sababu nguzo zilihitaji mtu. Shemeji alikuwa na watoto wawili na zamu za wodini, dada zetu wawili wameolewa mbali, Baba macho yalikuwa yameingiwa na ukungu, ule mshale asingeuona hata ungekuwa mkubwa kama mpini wa jembe, hadi alipofanyiwa upasuaji 2018, akabaki kijana mmoja wa miaka ishirini na moja, aliyeacha shule, mwenye karakana mpya na domo. Marehemu alimkalisha stooni siku nzima akimfundisha. "Andika unachokiona." "Sawa." "Siyo unachokitegemea." "Dada, mimi siyo mtoto." "Ukichelewa ukaingia saa tano joto limeshapanda, andika kwamba umechelewa." "Sawa, bwana." "Ukikosa kabisa, acha pengo. Pengo halinitii hofu." Kijana akaapa, akachukua funguo mbili, na kila Jumamosi Baba alipouliza kutoka kibarazani, "Umesoma?", alijibiwa, "Nimesoma, Baba." Daftari la mwaka huo halina pengo hata moja, na kijana alitamba nalo karakanani mwaka mzima, akisema mshale ule ameuzoea kama mlio wa pikipiki yake.

Matatizo yalianza baada ya marehemu kurejea, nguzo ya nne ilipoonekana inafupika haraka kuliko ndugu zake watano, tangu Agosti 2017, bila sababu, na Bwana Una-Uhakika akaandika, safari hii kwa maneno, kwamba miezi iliyotangulia Agosti imenyooka mno, zege halitembei hivyo, na baada ya hapo nguzo ya nne inakimbia, je, una uhakika na msomaji wako? Barua hiyo marehemu aliisoma kwa sauti mezani. Mdogo wake akaruka, akasema si niliwaambia, huyu mtu anatafuta njia ya kuitupa kazi ya huku ili kitabu kiwe chake peke yake, na marehemu akajibu barua hiyo usiku huohuo kwa sentensi mbili ambazo nakala yake tunayo: Aliyesoma ni mdogo wangu. Nina uhakika naye.

Akaamua kosa liko kwenye zege. Kwa miaka sita alitafuta, alipima upya mchanga uliobaki, alipima maji, akabadilisha bati la stoo, akaweka vipimajoto kwenye kona nne, akaandika kurasa sitini na moja kuhusu nguzo ya nne peke yake, na kule ng'ambo wakubwa wa maabara wakasema hadi kitendawili hicho kijibiwe, nguzo sita za huku hazitaingia kitabuni, na jina lake litahama kutoka juu ya jalada kwenda ukurasa wa shukrani.

Mnamo Oktoba 2023 alianza kuchoka kusikoeleweka, na tarehe 17 Novemba 2023 vipimo vikaonyesha saratani ya damu. "Pimeni tena," alimwambia daktari. "Mama, tumepima mara mbili." "Ya tatu ndiyo nitakayoiamini." Wakapima ya tatu, ikasema vilevile, akatikisa kichwa, akasema sawa, namba nzuri hiyo, na tangu siku hiyo hakuishuku tena, alishuku dawa tu. Shemeji yetu aliacha zamu zake akamuuguza kwa mikono yake miwili, na marehemu aliaga dunia Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi mitatu na siku thelathini, miezi mitatu na ushei kabla miaka kumi na tano ya nguzo haijatimia.

Juzi Jumanne, bila kualikwa, alishuka kwenye teksi yule mgeni mnayemwona safu ya tatu, mwenye koti la kijivu, akiongea Kiswahili alichofundishwa na marehemu kwa simu miaka kumi na tano, naye ndiye Bwana Una-Uhakika. Mdogo wa marehemu alimzuia getini, geti alilolichomelea mwenyewe. "Umekuja kuzika au kubeba?" "Nimekuja kuzika," akasema mgeni. "Mkiniruhusu, nitabeba pia." Si niliwaambia? Jana akafunguliwa stoo, akapiga magoti mbele ya nguzo ya nne na suti yake ya msiba, akaitazama nati moja, akaikwangua kwa ukucha, akautazama ukucha, akakwangua na nati ya nguzo ya tano, akalinganisha, wekundu haukufanana. "Rangi hii ilipakwa lini?" "Ileile ya 2009." "Zote?" "Zote." "Una uhakika?" Akaambiwa ndiyo. Macho yakamlowa, akasema kwa sauti ya chini, "Basi aliigusa mwenyewe," akimaanisha marehemu, na akatoka nje bila kutikisa mavumbi magotini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, waliokubali kupima mara ya tatu bila kununa, majirani mliofunga barabara kwa viti tangu Jumapili, wafanyakazi wa idara ya barabara na madaraja waliomleta mwenzao hadi hapa kwa magari yao, wakandarasi mliokuja pia, tumewaona, hatukutegemea, na mgeni aliyetoka mbali kuliko wote. Kwa wale ambao hatukuwataja, si kwamba hatukuwapima.

Hapo ndipo karatasi inapoishia, na Baba ameshaweka alama yake ya vema chini, lakini ipo sehemu ambayo mdogo wa marehemu hakuiandika, na Baba asingeweza kuikagua kwa sababu haikuwemo. Jumamosi tarehe 11 Machi 2017 kijana alikuwa na geti la kufunga asubuhi, akarudi jua la utosi, na badala ya kuacha pengo kama alivyoambiwa, aliandika namba ya wiki iliyopita akaiongeza kidogo, ikapendeza. Wiki iliyofuata alikuwa ameketi karakanani na wenzake, akawaambia, "Ule mshale mimi nauona nikiwa hapahapa, nimefumba macho," wakambishia, akafumba macho akaandika mbele yao, wakacheka, naye akacheka, na kwa jumla ya Jumamosi ishirini na tatu hakuingia stoo, alifika hadi mlangoni, akatikisa kufuli Baba asikie, akarudi. Tarehe 19 Agosti Dada akapiga simu, akataka picha ya kila mshale. Nguzo tano zilikuwa karibu na uongo wake. Ya nne haikukubali, ilikuwa imefupika pungufu ya alivyoandika, ikimkatalia waziwazi, naye alikuwa fundi, alikuwa na spana mfukoni, akazikaza nati hadi mshale ukafika pale alipotaka, akapiga picha, kisha akachukua ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu tunayopaka mageti, akafunika nyufa.

Huyo ni mimi. Sina haja ya kuendelea kujificha nyuma ya "mdogo wake", mnaniona.

Na Jumamosi tarehe 25 Mei mwaka huu, wodini, aliniuliza, "Dogo, Agosti ile, hakuna kitu kilichoigonga namba nne?" Alikuwa anauliza bila kunishuku, mtu ambaye aliishuku hata rula ya mwalimu. Nikasema, "Hapana Dada, hakuna kilichoigusa." Akasema, "Basi ni zege lenyewe," akafunga daftari, na hakulifungua tena.

Mgeni wetu, toa daftari lako. Futa nguzo zote sita kuanzia tarehe 11 Machi hadi 12 Agosti 2017, acha pengo, halimtii mtu hofu. Nguzo ya nne itupe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano na ya sita ni safi, kabla alisoma yeye na baada alisoma yeye, na hizo wiki zangu za mwanzo na za mwisho nilizisoma kwa jicho langu. Dada hakuigusa ya nne. Usiniulize kama nina uhakika. Jina lake libaki juu ya jalada, pale mlipoliweka, na nguzo utazibeba wewe, mimi nitakusaidia kuzipakia. Baba, najua unanitazama, na sasa unaona.

Dada, kurasa sitini na moja umetafuta kosa kwenye mchanga, kwenye maji, kwenye bati, kila mahali ukapima isipokuwa kwangu. Zege lako lilikuwa zima. Sasa pumzika.